Uzi Mwekundu Shingoni

9 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimefika, nimepata chumba, na meno yangu yote yapo. Uliniambia barua ya kwanza ianze na mambo ya kukutoa wasiwasi, basi hayo ndiyo. Chumba kiko juu ya dobi. Mvuke wa pasi unapanda mchana kutwa kupitia nyufa za sakafu, kwa hiyo nguo zangu hazijawahi kunyooka namna hii, na nywele zangu hazijawahi kuvurugika namna hii. Wewe hujambo? Cherehani imeacha ule mlio wake wa kukohoa? Msalimie Mke wa Kinyozi, na umwambie sijasahau kwamba ameazima mwavuli wangu.

Hospitali ni kubwa kuliko nilivyodhani. Wagonjwa wanaotoka kwetu wanafika kila wiki, hawajui neno la Kihindi, na madaktari hawajui neno la Kiswahili. Mimi ndiye wa katikati. Nimechukuliwa kwa majaribio. Mwezi wa kumi nitapimwa na matroni mbele ya daktari mkuu. Nikifaulu, nitaajiriwa kuwa mkalimani moja kwa moja. Nikishindwa, nifunge virago. Ulishona usiku na mchana ili nisomee lugha, Shangazi, na sitaki kurudi kukwambia kwamba ile kozi yote ilikuwa ya kujifunza kuomba maji ya kunywa.

Tatizo langu ni wakati uliopita. Wa sasa ninao, ujao ninao. Uliopita umenitoa kamasi. Juzi daktari aliuliza nani amefungua mlango wa chumba cha vipimo. Nikajibu bila kusita, "Mai darwaza kholi." Mai ni mimi, darwaza ni mlango, na kholi nimeipa mwisho wa kike kwa sababu mimi ni mwanamke. Wauguzi wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Karani wa mapokezi, mama mmoja ambaye miwani yake inaning'inia kwa kamba na kila mtu anamwita Mama Miwani, akanivuta pembeni. Akasema ni "Mai ne darwaza khola." Mlango kwao ni wa kiume, na kitenzi kinaufuata mlango. Mimi niliyefungua napachikwa kijineno "ne" mgongoni, basi, kitenzi hakinitazami tena. Hata akifungua mwanamume, hata wakifungua watu kumi, ni khola tu. Na mwanamume akisoma kitabu husema "mai ne kitab padhi", kwa sauti nzito kabisa, na kitenzi cha kike, kwa sababu kitabu chao ni cha kike.

Nikadhani nimeelewa. Nikasema moyoni, kumbe "ne" ni "na" yetu, kama tunavyosema mlango umefunguliwa na mimi. Kesho yake nikaibandika kila mahali. Nikasema "mai ne gayi", nikidhani nimesema nilikwenda. Wakacheka tena. Anayekwenda hana ne. Anayelala hana ne. Wala siyo sentensi ya kutendwa, Mama Miwani anasema, ni ya kutenda kama nyingine. Kichwa changu kinawaka moto. Nitafutie akili popote ulipoziweka, unitumie.

Kasuku wako.

2 Machi

Kasuku mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nikaisoma nikiwa nimekaa. Mimi mzima. Cherehani nimeitia mafuta, sasa haikohoi, inanong'ona tu. Wiki hii nimeshona sare za kwaya, nimerekebisha suruali ya mwalimu mkuu aliyenenepa na anayesema suruali ndiyo iliyopungua, na nimegombana na muuza vifungo aliyeniletea vya plastiki akiapa ni pembe. Mke wa Kinyozi sasa anakuja asubuhi nimfundishe kazi. Ana mkono mzuri ila ana haraka, anataka kufika mwisho wa mshono kabla ya uzi. Kuhusu mwavuli, amejifanya hajasikia.

Sasa hilo la kijineno chako. Nimelifikiria huku nikipiga pasi, na naona si jambo la kukutoa kamasi. Wewe umekulia chini ya meza yangu, unajua ninavyofanya. Gauni likiwa bado mezani, vipande vipande, mwenye kazi anaonekana. Mtu akipita mlangoni anasema, "Fundi anashona." Ananitazama mimi. Likishakwisha, likavaliwa, nani ananitazama? Watu wanatazama gauni. Wanasema limekaa vizuri, limebana kiuno, pindo lake limenyooka. Maneno yote yanalifuata gauni. Mimi nimebaki wapi? Nimebaki kwenye ule uzi mwekundu ninaofunga ndani ya ukosi, shingoni, ili mtu akitaka kujua kazi ya nani ageuze aone.

Basi hiyo ne yako ni uzi mwekundu. Unafungwa kwa aliyefanya, kazi ikiisha, na kitenzi kinakwenda zake na nguo. Gauni ambalo halijaisha sifungi uzi. Na aliyekwenda sokoni au aliyelala hajashona kitu, uzi ataufunga kwenye nini?

Muulize huyo Mama Miwani kama nimepatia. Kama nimekosea, usiniambie.

Kula vizuri. Fungua dirisha, mvuke wa pasi si mzuri kwa kifua.

Shangazi yako, fundi.

30 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Dirisha ninalifungua. Umepatia. Nilimsomea Mama Miwani sehemu ile ya uzi, nikiitafsiri polepole, akavua miwani akaifuta. Akauliza kama unachukua wanafunzi. Wakati wa sasa hauna ne, ujao hauna ne, mpaka jambo liishe. Kabla ya kufungua mdomo siku hizi najiuliza kwanza: nguo imekwisha, na ina shingo?

Ila kuna wakorofi. Kuna vitenzi ambavyo kazi imefanyika, kitu kipo, na bado mtendaji anapita bila uzi. Kimojawapo ni kuleta. Kuleta kwao kunaitwa "lana", Shangazi, na wanaivuta ile sauti ya kwanza kama sisi tunavyosema laana. Siku ya kwanza nilipoambiwa niseme nimeleta chai nikasita, nikadhani wananilaani. "Mai chai layi", ndivyo inavyosemwa, bila ne. Kingine ni kusahau. Kingine ni kusema. Kwa upande mwingine, anayekohoa na anayepiga chafya, ambao hawajashika chochote duniani, hao wanafungwa ne. Nimemuuliza Mama Miwani kwa nini. Amesema lugha haikuundwa kamatini.

Nina ombi. Nimempa mgonjwa mmoja aliyepona na anayerudi huko kipande cha kitambaa cha bluu akuletee. Kitambaa kwao ni kapda, kushona ni silna, uviweke maneno hayo kichwani. Nataka unishonee vazi la siku ya mtihani. Wauguzi hapa wanavaa kitu kinachoitwa kamiz, kirefu mpaka magotini, kinavaliwa juu. Nilipowaambia kwamba kwetu kamisi huvaliwa ndani na haionyeshwi mtu, nusura wanirudishe nyumbani nikapumzike, wakidhani nina homa. Nishonee gauni la namna hiyo, la heshima, mikono mirefu. Na uzi mwekundu shingoni. Siku hiyo nikitetemeka nitaushika kwa kidole, nitajua kuna mtu nyuma yangu.

Kasuku.

11 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Kitambaa kimefika, mgonjwa wako amenenepa na ana maneno mengi. Nimekiloweka, nimekianika, nimekipiga pasi, na leo nimekikata. Kizuri, hakichuji. Nimepunguza kidogo kiunoni kwa sababu najua hauli.

Nimeicheka hiyo lugha mpaka Mke wa Kinyozi akaja kuona kuna nini. Yaani aliyesema hana ushahidi juu yake, aliyeleta hana, aliyesahau hana, lakini aliyekohoa anakamatwa? Hiyo imetungwa na wanasiasa. Kuanzia leo mteja akinidai nguo nitamwambia nilisahau, na kwa Kihindi sina hatia.

Wiki ijayo naanza kushona gauni lako. Mikono nitaitia mwisho, ndiyo inayonichukua muda.

Shangazi.

20 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Ya Mei niliijibu kwa mistari miwili, na jibu lako naona linachelewa, basi naandika tena. Labda ni posta. Huku mvua imeanza, dobi anaanika nguo za watu ngazini na mimi napita katikati ya mashati kama mtu anayeomba njia kwenye harusi.

Kulitokea jambo kazini. Hapana, nililifanya mimi. Kuna mzee mmoja wa kwetu, amefanyiwa upasuaji wa goti. Mpole, anamsalimia hata mfagiaji. Asubuhi muuguzi alikuta dawa ya maji imetapakaa sakafuni. Akauliza. Mzee akaniambia, "Dawa imemwagika." Nami kwa sababu nilikuwa najivunia ne yangu, nikageuka nikasema, "Us ne dawa girayi." Nikaona nimepanga kila kitu vizuri. Dawa kwao ni ya kike, kitenzi kimeifuata dawa, mtendaji ana uzi wake. Sentensi safi. Muuguzi akamgeukia mzee akamfokea. Kwamba dawa ni ghali, kwamba kama hataki kupona aseme. Mzee akanitazama akauliza, "Mama, umewaambia nini?"

Nilikuwa nimewaambia kwamba yeye ndiye aliyeimwaga. Hakusema hivyo. Alisema imemwagika. Baadaye ilijulikana kuwa chupa ilikuwa na ufa. Ilitakiwa niseme "dawa gir gayi", dawa yenyewe imeanguka, hakuna mtu ndani ya sentensi. Mimi nikamtafutia mtu, nikamfunga uzi shingoni mzee wa watu asiye na kosa.

Nilimwomba radhi, akanishika mkono akasema mambo hayo hutokea. Nilikwenda kulia chooni. Nimeonywa pia, kwa maandishi. Usiwe na wasiwasi.

Tangu siku hiyo nasikiliza tofauti. Kiswahili chetu kina milango mingi ya kutokea, Shangazi. Imemwagika, imevunjika, imechelewa. Mgonjwa akisema "sindano imetoka", siwezi kutafsiri mpaka nimuulize: imetoka yenyewe, au umeitoa? Sasa nauliza kila mtu, mpaka wengine wananiona mbea.

Gauni limefikia wapi? Niandikie hata mstari mmoja.

Kasuku.

15 Julai

Mpendwa mwanangu,

Marahaba. Usishtuke kuona mwandiko mwingine. Kidole kilichomwa na sindano, kimevimba kidogo, kwa hiyo Mke wa Kinyozi anashika kalamu. (Mwandishi naye anasalimu, na mwavuli upo.)

Hapa ni salama. Barua zako zote zimesomwa. Sare za kwaya zimechukuliwa na zimesifiwa. Mapazia ya ukumbi yamekwisha. Meza ya kukatia imesogezwa karibu na mlango, mwanga ni mzuri zaidi huko. Chakula kinapikwa, nyumba inafagiliwa, usiwaze.

Pole kwa la yule mzee. Usilibebe sana.

Gauni lako limeshonwa. Limepigwa pasi na limefungwa, linakuja na mke wa mgonjwa mmoja anayesafiri wiki ijayo. Lijaribu mapema, kama kuna pa kupunguza.

Nimekukumbuka sana.

Shangazi yako.

28 Agosti

Shangazi,

Shikamoo.

Gauni limefika. Linanitosha. Rangi imenipendeza, wauguzi walinizungusha kama sanamu dukani. Nilingoja watoke. Nikaligeuza ukosi ndani nje.

Hakuna uzi mwekundu.

Nikatazama makwapa. Wewe hurudi nyuma mara mbili pale kwapani, tangu nizaliwe, kwa sababu unasema mtoto huyu akiinua mikono anainua na dunia. Hapa mshono umepita moja kwa moja, wa haraka, umefika mwisho kabla ya uzi. Ni mshono mzuri. Si wako.

Nikatoa barua zako, nikazipanga kitandani. Hii ndiyo kazi yangu sasa, kutafuta aliyefanya. Ya Machi umeandika nimeshona, nimerekebisha, nimegombana. Ya Mei nimekiloweka, nimekianika, nimekikata. Ya Julai? Zimesomwa. Zimechukuliwa. Imesogezwa. Limeshonwa. Chakula kinapikwa, nyumba inafagiliwa, kama kwamba nyumba yetu ina majini ya kazi. Barua nzima ina "nime" moja tu, na ni nimekukumbuka. Hata kidole: kilichomwa na sindano. Shangazi, wewe umeshika sindano tangu kabla baba yangu hajaacha kunyonya. Na kidole gani kinavimba mpaka mtu ashindwe kufunga kifundo kimoja cha uzi?

Sasa nakuuliza kama ninavyowauliza wagonjwa. Kamiz kis ne sili? Gauni nani amelishona? Kwa nini si wewe? Nijibu kwa "nime" au kwa "siwezi". Sitaki "limeshonwa".

Nimeomba ruhusa kwa matroni. Amesema nikiondoka sasa, mtihani umenipita, na nafasi itapewa mwingine. Nimemwambia sawa. Begi liko mlangoni, na gauni nimelitia humo. Nangoja neno lako tu, na lisipofika hadi mwisho wa Septemba nitakuja kulichukua mwenyewe. Ninaogopa. Uliniachia dunia nzima kuishi ndani yake halafu unanificha chumba kimoja.

Kasuku.

17 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Anayeandika ni yuleyule, Mke wa Kinyozi, lakini leo nimemkataza kurekebisha maneno. Anaandika ninachosema. Ameshaanza kulia, mwandiko ukilowa ni yeye.

Gauni amelishona yeye. Mimi nililikata tu. Nililikata jioni, na asubuhi yake nikakaa kutunga uzi kwenye sindano, uzi ukawa hauingii. Nikaulaumu uzi. Nikalaumu macho. Halafu nikaona mkono wangu wa kulia umelala mezani kama kitu cha mtu mwingine. Nilitaka kuita, mdomo ukaenda upande. Mke wa Kinyozi ndiye aliyenipeleka hospitali, kwenye toroli la muuza vifungo, yule niliyegombana naye. Ni kiharusi kidogo. Mdomo umerudi, maneno yamerudi, naweza kutukana kama zamani. Mguu unakokota kidogo. Mkono haujarudi. Daktari amenipa mpira wa kubinya. Naubinya, haujibu.

Sikukwambia. Ningeweza kusema nilisahau, maana umenifundisha mwenyewe kwamba aliyesahau hana ne. Lakini sikusahau. Nilificha. Nimemuuliza mwenye duka la vitambaa, yule anayejua Kihindi, nisemeje, amenipa hii: mai ne khabar chupayi. Habari nimeificha mimi. Naona habari kwao ni ya kike, nikafurahi kidogo.

Kwa nini nilificha? La kwanza unalijua, ungekuja. La pili sikutaka ulijue. Niliona aibu. Nusu ya mtaa huu wana uzi wangu shingoni, na mimi sasa nafungwa vifungo na mtu. Fundi asiye na mkono ni nani? Ukiandika barua ukiniuliza nimeshona nini, nijibu nini? Ndiyo nikaanza kuziacha nguo zijishone zenyewe kwenye karatasi. Kidogo kidogo nilianza kuamini.

Halafu usinigeuze mimi peke yangu mtuhumiwa. Wewe uliandika "nimeonywa". Na nani? Kwa ukali gani? Ulipita kwa mlango uleule, mama, nami nilikuona, nikanyamaza.

Sasa nisikilize. Ukija utafanya nini? Kunishika mkono? Utaushika wenyewe usijue kama umeshikwa. Kaa. Fungua hilo begi. Toa gauni, litundike lisikunjike. Nimekata kwa mkono wangu wa kulia, kwa mara ya mwisho ulipokuwa mzima, nguo ya kuvaliwa siku ya mtihani. Usiponivalia siku hiyo, kazi yangu itakuwa haijaisha, na kazi isiyoisha haifungwi uzi. Nakuomba. Mimi huwa siombi, unanijua.

Shangazi yako.

24 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo.

Nilisoma barua yako ngazini kwa dobi na mashati ya watu yakanifuta uso. Nilikasirika. Nilikaa na hasira yangu siku kadhaa. Kisha nilifungua begi.

Jana nimefanya mtihani. Matroni alileta mgonjwa wa kweli, mama mmoja wa kwetu. Daktari mkuu akamuuliza kuhusu vidonge vyake vya presha. Yule mama akasema, "Viliachwa." Chumba kizima kikanigeukia. Ningeweza kutafsiri hivyohivyo, viliachwa, na sentensi ingekuwa safi. Nilimwinamia nikamuuliza polepole, bila kumtisha, "Mama, uliviacha wewe, au uliambiwa uviache?" Akatazama mikono yake. Akasema aliviacha mwenyewe, kwa sababu vinamtia kizunguzungu na aliona aibu kumwambia daktari. Nikasema kwa Kihindi, na ne yake mahali pake. Daktari hakumfokea. Alibadilisha dawa.

Nimefaulu, Shangazi. Nimeajiriwa na matroni mwenyewe, ndiye pia aliyenionya mwezi wa sita, na alinionya kwa ukali, karibu nifukuzwe. Hayo nilikuficha mimi.

Nilivaa gauni. Nilishika ukosi kwa kidole, pasipo uzi. Mwambie Mke wa Kinyozi ameshona vizuri na mwavuli ni wake. Likizo yangu ni Desemba, na nakuja. Ila kabla ya hapo nataka barua moja isiyopita kwa mtu. Mkono wa kushoto unao. Hata mstari mmoja.

Kasuku wako.

16 Novemba

Kasuku,

Hii ni ya kushoto. Herufi zimelewa, zishike zisianguke.

Nilipoambiwa umefaulu nilipiga kelele, kinyozi akamkata mteja sikio. Si sana.

Ndani ya bahasha kuna kipande cha kitambaa chako cha bluu, kilichobaki. Kina pindo moja. Limekwenda kombo, katikati limelala, mwishoni limeamka. Aliyetunga uzi kwenye sindano ni Mke wa Kinyozi, hilo ni lake. Kitambaa nilikibana kwa kiwiko cha kulia, kumbe kiwiko kinafaa. Yaliyobaki ni yangu. Nilitafuta shingo ya kufunga uzi mwekundu, hakina shingo, nikaufunga kwenye pembe.

Nilitaka kukuandikia kwa Kihindi. Mwenye duka la vitambaa amesafiri, na sijui kapda kwao ni mume au mke. Kwa hiyo sila au sili, utachagua mwenyewe ukifika. Mwisho wa sentensi nakuachia wewe. Mwanzo wake ninao.

Mai ne.